Dhansaki ya Mwali wa Hongkong

Wifi yangu Navajbai alikuwa na ugonjwa mmoja: hakuweza kusikia mtu akisema "kiasi" halafu akanyamaza. Ukimwambia tia chumvi kiasi, atauliza kiasi gani. Ukimwambia kijiko, atauliza kijiko cha nani, maana kijiko cha mavyaa si kijiko cha mke wa mwana. Alipoolewa na kaka yangu Dosabhai mimi nilikuwa bado mwali nyumbani. Nikaolewa, nikafiwa, nikarudi. Kisha kaka naye akafariki, tukabaki wajane wawili chini ya paa moja hapa Bombay. Kwa hiyo haya ninayosema nimeyaona kwa macho yangu, na anayesimulia vingine barazani kwake anajitungia.

Alikuja kwetu bibi harusi mwembamba asiyejua hata kuchemsha yai. Jiko lilikuwa la mama yangu, na mama alikuwa mpishi wa kuogopwa, ila kufundisha hakujua. Ukimuuliza bizari ngapi, anakunja kiganja: "Hii." Ukimuuliza moto wa vipi, anasema moto wa kawaida. Navajbai aliteseka, na kila alichopika kaka alikila kwa adabu huku macho yakimtoka. Siku moja akaenda kwa sonara jirani yetu, akaazima mizani ya kupimia dhahabu, akaja nayo akaiweka kando ya jiwe la kusagia. Mama alipokunja kiganja na kukipeleka juu ya sufuria, Navajbai akamdaka mkono hewani.

"Mama, mimina hapa kwanza."

"Ala! Unanipima mimi?"

"Napima bizari, mama. Wewe huna kipimo."

Mama alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, na tangu hapo hakuna kilichoingia sufuriani bila kupita mizanini. Bibi zetu wote wa mtaa wakadakwa mikono. Kulikuwa na bikizee mmoja aliyekataa katakata, akisema bizari ikipimwa inaona haya na kupoteza harufu. Huyo Navajbai alimvizia. Alipima kopo lake la bizari kabla hajapika, akapima tena baada ya kupika, akatoa moja kwenye nyingine, akapata alichotaka.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kile kitabu cha mapishi ambacho sasa kila nyumba yetu sisi Waparsi, wa dini ya moto mtakatifu, inacho, hata zile zinazodai hazina. Kaka alipofariki, Navajbai alifungua darasa jikoni kwetu, kila Alhamisi, la mabinti waliokaribia kuolewa. Kazi yangu ilikuwa kuonja. Kupika sijui na sikupata kutaka kujua, lakini ulimi wangu haudanganyiki, na mwili wangu wenyewe ni shahidi. Kitabu kilipotoka kiwandani wanaume walicheka. Bwana mmoja wa gazeti aliuliza kama cha pili kitatufundisha kutafuna. Nakala zikaisha zote, na mke wa bwana huyo alinunua mbili.

Sasa niwaambie ya Perin.

Ilikuwa miaka michache kabla ya ile tauni kubwa ya hapa Bombay. Perin alizaliwa Hongkong, ambako baba yake, Framji, alikuwa akiuza nyuzi na kununua hariri. Mama yake alifariki siku ya kumzaa. Akalelewa na yaya wa Kichina aliyempenda kama roho yake na kumfunza kila alichokuwa nacho, yaani mambo ya Kichina. Mambo yetu alifunzwa na wawili tu: baba yake, aliyemfundisha sala na hesabu, na kitabu cha wifi yangu, kilichofika huko ndani ya sanduku la mfanyabiashara fulani. Alikisoma mpaka akakihifadhi. Ndiyo maana Kigujarati chake, lugha yetu, kilikuwa cha ajabu, cha kitabu cha mapishi. Ukimuuliza mzee hajambo, anakujibu kwamba hajambo, ila jana alikuwa amenyauka kidogo pembeni.

Framji alimleta Bombay kumwoza, na bahati ikawa nzuri kupita kiasi. Alipatikana Mancherji, karani wa forodhani, kijana mpole anayetembea na mwavuli hata kiangazi. Wawili hao walipoonana mara ya kwanza hawakusema neno, na mara ya pili hawakunyamaza. Kilichobaki ni mama yake Mancherji. Naye alikuwa Sunabai.

Sunabai namjua vizuri kwa sababu tunacheza karata. Ni mjane kama sisi, wa Navsari kwa asili na kwa majivuno, ana mwana huyo mmoja tu na sauti ya kutosha watoto kumi. Si mtu mbaya. Ila kosa likipita mbele yake hawezi kuliacha lipite, lazima alishike mkia.

Siku ikapangwa ya Sunabai kwenda na akina mama wa ukoo wake kumtia Perin rupia ya fedha mkononi, ndio uchumba wenyewe kwetu. Nami nikaalikwa. Mlangoni kwa Framji palichorwa maua ya chokaa. Perin alisimama juu ya kibao kifupi cha sherehe na sari ya hariri, kitambaa cheupe kimemfunika nywele, mzuri wa kukufanya umsamehe kitu ambacho hajakukosea. Sunabai akamzungushia yai kichwani, akalivunja chini, akazungusha nazi, akaivunja, akamtia sukari mdomoni. Alikuwa akitabasamu, na Sunabai hatabasamu ovyo. Rupia alishaitoa mkobani, ameishika.

"Kwanza mle, mama," Perin akasema, kwa haraka ya mtu aliyengoja sana. "Nimepika mwenyewe. Mpishi nilimtoa jikoni tangu alfajiri."

Akina mama wakaangaliana kwa furaha. Binti aliyekulia Uchina, na kapika mwenyewe! Tukakaa mezani. Likaletwa bakuli kubwa lenye kifuniko, na sahani ya wali wa rangi ya kahawia, na vijinyama vya mviringo juu yake. Harufu ilitufikia kabla ya kifuniko kufunuliwa. Mimi, Mungu anisamehe, kwanza mate yalinijaa mdomoni. Kisha ndipo nywele ziliponisimama.

"Nani kafa?" Sunabai akauliza.

Perin akatazama kushoto na kulia. "Hakuna, mama."

"Nakuuliza nani kafa nyumba hii!"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni dhansaki. Nyama imechemka hadi imeachana na mfupa, kama inavyotakiwa."

Dhansaki, jamani. Dengu za kila namna na malenge na biringani, na majani ya uwatu, na nyama ya kondoo, vimepondwa vikawa kitu kimoja kizito ambacho ukikila mchana unalala hadi magharibi. Jumapili ya kawaida tunakula na kujamba kwa raha zetu. Lakini siku ya furaha hata kuitaja hatuitaji. Kwetu, msiba ukiingia nyumbani, nyama haipikwi siku tatu. Siku ya nne, baada ya sala za alfajiri za kuiaga roho, nyama inarudi jikoni, na inarudi kwa dhansaki. Kuipika siku ya uchumba ni kama kumpelekea bwana harusi sanda na kumwambia aijaribu kama inamkaa.

Sunabai akasimama. Rupia ikarudi mkobani, nikasikia mkoba ukifungwa.

"Mwanangu yu hai! Asubuhi hii kala mayai mawili! Nawe umempikia siku yake ya nne?" Alikuwa akirudi nyuma kutoka mezani, na hapo nikajua kwamba si hasira peke yake, ameogopa kweli. "Ndiyo haya, waliosema walisema. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu!"

Perin uso ulimpauka. Baba yake alikuja mbio kutoka sebuleni kwa wanaume, akaona bakuli, akajipiga paji la uso. Yeye alijua. Lakini baba gani huuliza sufuriani mna nini?

"Nani aliyekufundisha upuuzi huu?" Sunabai akauliza akiwa mlangoni.

"Nilisoma, mama. Nilitafuta mapishi yenye kazi kubwa kuliko yote, kwa kuwa ninyi ni wageni wakubwa kuliko wote. Hii ndiyo ndefu. Ni kitabu cha Navajbai."

Akina mama wote wakageuza shingo kunitazama mimi. Nilitamani dari iniangukie.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Alhamisi ilipofika, nusu ya darasa haikuonekana. Mama mmoja alituma ujumbe kwamba binti yake ana mafua, mwingine kwamba wa kwake ana mafua ya yule wa kwanza. Mtaani walishaanza kukiita kile kitabu mapishi ya matanga. Navajbai alikuwa akikata vitunguu na kusema yatapita, lakini alivikata vikubwa vikubwa, na hilo si jambo lake.

Ndipo Perin alipoingia, peke yake, kitabu kwapani. Kilikuwa kimejaa madoa ya samli na manjano, kurasa zimevimba. Nilidhani atalia. Hakulia, alikuwa amekasirika kama jogoo aliyemwagiwa maji.

"Wewe ndiye Navajbai?"

"Ndiye mimi, mwanangu. Karibu ukae."

"Sikai." Akafungua kitabu. "Hapa umeandika karafuu ngapi. Umeandika dengu zioshwe mpaka maji yawe meupe. Hata ganda la malenge umeandika litupwe, kana kwamba kuna mtu angelila. Mbona hukuandika kwamba ni chakula cha matanga?"

"Lakini mwanangu, hilo kila mtu ana..."

Akaishia hapo. Nimekaa na wifi yangu miaka mingi, sijapata kumwona amekatika katikati ya neno. Aliweka kisu chini, akavuta kigoda, akakaa.

"Umesikia, Jerbai?" akaniambia mimi. "Kiasi. Mama yako alipima kiasi kwa kiganja, nami nimeandika kiasi kwa wino."

"Usijitese, wifi," nikasema. "Hata mimi nisingekumbuka kuliandika."

"Wewe hujaandika hata bahasha." Akamgeukia Perin. "Kosa ni langu, mwanangu. Nitakwenda kwa Sunabai mwenyewe, nimpigie magoti."

Hapo hasira ya Perin ikaisha ghafla, akakaa, na sauti ikawa ndogo. "Baba anaondoka na meli ya mwisho wa mwezi. Mancherji anasema tuoane hata mama yake akikataa. Mimi sitaki hivyo."

"Humtaki?"

"Namtaka mpaka naumwa. Lakini niingie nyumba ya watu kwa kumnyang'anya mama mwanawe? Mimi nimekaa bila mama tangu nizaliwe. Yule mama nilikuwa namtaka na yeye." Akajifuta pua kwa ncha ya kitambaa. "Alipokuwa ananitia sukari mdomoni mkono wake ulikuwa unanukia iliki. Sasa kama hanitaki, nirudi Hongkong kwa yaya wangu."

Nitasema wazi, nililia. Navajbai hakulia. Alimpa kisu na vitunguu, akamwambia avikate vidogo.

Navajbai alikwenda kwa Sunabai kesho yake. Mtumishi akasema bibi anaoga. Akaenda tena jioni, bibi bado anaoga. Alipokwenda mara ya tatu akaambiwa bibi ameoga sana amepata baridi, amelala. Akarudi nyumbani amenywea.

"Hataki kuniona," akasema. "Basi. Mtoto ataondoka, na mimi nitakuwa nimemfukuza kwa dengu."

"Wewe hodi hujui kupiga," nikamwambia. "Niachie mimi."

Maana mimi, tofauti na wifi yangu, nawajua watu kuliko ninavyojua dengu. Jumatatu nikaenda kwenye karata. Sunabai alikuwepo, amenuna, ananigawia karata kama anayenitupia mifupa. Nikacheza kimya. Nikashindwa makusudi, ili afurahi kidogo. Kisha nikamwambia mwenzetu mmoja, kwa sauti ya siri inayofika mpaka barabarani, kwamba Navajbai anatayarisha kitabu upya, na safari hii ataandika desturi zote za siku za furaha. Kipi kinaliwa lini, kipi mwiko, yai lizungushwe vipi, samaki wa uchumba alazwe vipi kwenye sinia.

"Na ataandika kwa desturi ya Surat," nikaongeza, "kwa kuwa ndiyo desturi sahihi."

Lazima mjue kwamba sisi ni watu wa Surat. Kati ya Surat na Navsari treni haikupi hata nafasi ya kumaliza kumenya embe, lakini ugomvi wake hauna mwisho. Wao humlaza samaki kichwa kikitazama mlangoni, sisi humlaza kikitazama jikoni. Ndoa zimechelewa kwa jambo hilo.

Karata zilibaki zimesimama mkononi mwa Sunabai.

"Samaki atazame jikoni? Kitabuni? Kwa chapa?"

"Ndivyo nilivyosikia," nikasema. "Alhamisi ndiyo anaanza kuandika. Nani anacheza?"

Kumwaga mtama penye kuku wengi ni kazi rahisi, unachohitaji ni kumjua kuku mwenyewe. Alhamisi sufuria haijapata moto, tukasikia ngazi zikilia. Jikoni alikuwepo Navajbai na wale mabinti ambao hawakupata mafua, na Perin kwenye jiwe la kusagia, manjano hadi viwikoni. Navajbai hakujua lolote la njama yangu. Sunabai akaingia bila hodi, sari imemwelea nyuma kama tanga.

"Jikoni! Samaki atazame jikoni! Kwani hajui anakokwenda, mpaka aoneshwe? Samaki wa uchumba anatazama mlangoni, akaribishe baraka zinazoingia! Andika!"

Navajbai alinitazama. Mimi nilikuwa nimeanza ghafla kukagua mapande ya nazi. Akaelewa, akachukua karatasi yake pale kando ya mizani.

"Mlangoni," akasema akiandika. "Ahsante, Sunabai. Na kingine?"

"Kingine! Kila kitu! Asubuhi ya furaha ni tambi za sukari na mtindi mtamu. Mchana wali mweupe na dengu za manjano, peke yake, bila mboga ndani, na mchuzi wa samaki pembeni. Na dhan..." Akakumbuka alichokuja nacho moyoni, akamwona Perin pale jiweni.

"Malizia, dada," Navajbai akasema polepole. "Hilo ndilo nililoliacha. Mkosi ule niliupika mimi, huyu aliushika mwiko tu. Nilikuja kukuambia hivyo ukawa unaoga."

"Hakuna haja ya kuandika jambo ambalo kila mtu analijua!"

"Nami nilidhani hivyo." Navajbai akawageukia mabinti. "Ninyi mlijuaje kwamba dhansaki haipikwi siku ya furaha?"

Mabinti wakachekeana. "Bibi alinizaba kofi," akasema mmoja. "Niliimba jina la dhansaki nikiwa harusini kwa shangazi."

"Mama alinifinya hapa," akasema mwingine, akionesha mkono. "Alama ipo mpaka leo."

"Na wewe, Sunabai?"

"Mimi nini?"

"Ulijuaje?"

Sunabai akataka kusema alizaliwa akijua, nilimwona. Lakini midomo ikaanza kumcheza. "Siku yangu ya kuzaliwa," akasema. "Nilikuwa hivi, sifiki mezani. Wakaniuliza nataka kula nini, nikasema dhansaki. Mama alinifinya paja mbele ya wageni. Lo! Nilipiga kelele mpaka kuhani akatoka." Akacheka, kisha kicheko kikamwishia, maana mama yake alishafariki zamani, na finyo lile, nadhani, ndilo alilokuwa amebakiwa nalo. Akageuka taratibu kwenye jiwe la kusagia.

"Na wewe je? Nani alikufinya?"

Perin alisimama, mikono ya manjano akiinyoosha mbali na nguo. "Hakuna, mama."

"Hakuna kabisa?"

"Yaya hakuwa akijua. Na kitabu hakifinyi."

Perin, kwa kuwa alishasema moja, akaona aseme yote. "Kuna mengi sijui, mama. Watu hapa hawapulizi moto, nami nilikuwa napuliza kila siku, sasa naogopa. Usiku makaa yanafunikwa kwa majivu, sijui kwa nini. Sijui yai linazungushwa mara ngapi, sijui nikipiga chafya jikoni nifanye nini. Naona wenzangu wanafanya tu. Nikiuliza wananicheka, wanasema kila mtu anajua."

"Moto haupulizwi kwa sababu pumzi ina mate," Sunabai akasema. Ilimtoka yenyewe, kosa limepita mbele yake. "Moto unaupa mate? Unaupepea kwa upepeo. Na usiku unaufunika majivu ili ulale, usiuzime. Sisi hatuuzimi moto. Aliyekucheka ni nani?"

"Wengi, mama."

"Wajinga. Chafya unageuka pembeni, unasema shetani ashindwe, unanawa mkono, unaendelea." Alikuwa amekwisha kusogea mpaka kwenye jiwe. "Na hayo manjano unayasaga kama unayapapasa. Sukuma na mabega. Nani anasaga kwa vidole?"

"Kitabu hakikusema mabega."

"Navajbai! Andika mabega!"

"Naandika," akasema wifi yangu.

Sunabai alimtazama yule mtoto. Perin alimtazama yeye, bila kuinamisha macho, kama mtu anayengoja kusikia kama mkate umeiva. Kisha Sunabai akanyoosha mkono, akamshika juu ya kiwiko pasipokuwa na manjano, akamfinya. Si finyo la mchezo. Perin alipiga yowe.

"Haya," Sunabai akasema. "Hiyo ni ya dhansaki. Sasa umefunzwa na mtu."

Mabinti waliangua kicheko, na Perin naye akacheka huku akilia, akisugua mkono, akijipaka manjano kila mahali. Mimi ndiye niliyelia zaidi, na nazi yangu ikapata chumvi. Navajbai aliendelea kuandika ingawa hapakuwa na aliyesema kitu.

"Jumamosi tunakuja tena," Sunabai akasema, akijitengeneza sari. "Rupia ninayo. Utapika samaki, na utamlaza ninavyotaka mimi, Jerbai na Surat yake wakae kimya."

"Nitakaa kimya," nikasema. Uongo, lakini mdogo.

Akaenda mpaka mlangoni, akasimama, akarudi hatua. Sauti yake ikashuka, na kwa Sunabai hilo ni jambo la kutisha.

"Ile yako ya siku ile. Sikuila. Lakini kifuniko kilipofunuliwa..." Akameza mate. "Harufu yake nilikwenda nayo mpaka nyumbani. Ilikuwa kama ya mama yangu." Akawageukia mabinti. "Basi sikilizeni wote, mniwie mashahidi. Nikifa mimi, siku yangu ya nne dhansaki apike huyu. Mwingine asiguse sufuria."

Hakuna aliyecheka. Kwetu siku yako ya nne humwachii mgeni, unamwachia aliye wako. Perin hakuwa amefunzwa hilo na mtu yeyote, lakini nilimwona uso ukimbadilika, nikajua ameelewa. Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akajibu alivyozoea kujibu mambo makubwa.

"Kwa watu wangapi, mama?"

"Wengi, mwanangu," Sunabai akasema. "Mimi najulikana."